Utepe wa Isale

Hii utakataa. Kila niliyemsimulia alikataa kwanza, akacheka, halafu akaniuliza kama nina uhakika. Mwanamke aliomba msamaha mbele ya watu ishirini na watatu bila kufungua mdomo, kwa kosa aliloapa hajalifanya, na alipokuja kushtuka kwamba ameomba, ameshasamehewa. Arusha hii hii. Mwaka 2001, mwezi wa kumi na mbili, nyuma ya duka moja la vinyago karibu na Mnara wa Saa.

Huyo mwanamke anaitwa Maulida, wa Kaloleni, baba yake Mrangi wa Kondoa aliyekuja mjini zamani kushona suti za watu. Na tuseme ukweli, Maulida alikuwa fundi. Mpe gome kavu la mgomba, wembe na gundi, saa moja baadaye unaona mama anatwanga, kivuli chake kipo, na mchi unajua kabisa ni mzito. Shida yake ilikuwa dharau. Zilianzia puani. Akiona kadi ya mwenzake anavuta hewa kidogo, kama mtu aliyefunua sufuria la mboga ya juzi.

Duka lilikuwa la Bwana Muzammil, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alikuwa anafanya shindano la kadi. Wakati ule biashara imefunguliwa, maduka yamejaa kadi za China, ukizifungua zinaimba kama jogoo mwenye mafua. Muzammil akasema atawaonyesha watalii kadi ya mkono. Masharti yake yalikuwa matatu. Kadi yote utengeneze mwenyewe. Iwe na vitu vitatu au zaidi ambavyo si karatasi: gome, shanga, kitenge, mbegu, utakacho. Na la tatu, lazima umkabidhi mtu. Majina yanakunjwa, yanatiwa kwenye kofia yake, unachomoa moja, na mwezi unaofuata unamletea mtu huyo kadi mkononi, watu wote wanaangalia. "Kadi ambayo haijapelekwa kwa mtu," alikuwa anasema, "hiyo ni karatasi tu." Mpokeaji anaionyesha, halafu kila mmoja anatupa punje ya mahindi kwenye kikombe cha aliyempenda. Kadi ya mshindi inakaa dirishani mwezi mzima.

Sasa huko Maulida alikuwa haendi kushindana. Alikuwa anaenda kuwasikitikia. Loishiye, mzee wa watu kutoka Oldonyo Sambu, alileta kadi yenye ng'ombe wa manyoya ya mbuzi. Maulida akaishika kwa vidole viwili. "Shikamoo mzee. Hii tunaisoma au tunaipeleka josho?" Joyce, binti mpole tu, alibandika shanga za rangi zote alizopata sokoni. "Joyce mdogo wangu, hapa umebandika au umetapika?" Watu wanacheka, si unajua watu. Ukicheka leo unashukuru tu kwamba si zamu yako.

Ila aliyemdharau kuliko wote ni Hanna. Mmeru wa kule Ngarenanyuki, njia ya Momela, ameolewa Lemara, mama wa kanisani, kilemba mpaka kwenye nyusi. Hanna alikuwa anakata gome kwa mkasi wa jikoni. Kadi zake zilikuwa na kingo kama zimeng'atwa. Maulida alimwita "Mama Panya", tena wazi wazi, na Hanna alikuwa anaitika.

Halafu mwezi wa tatu Mama Panya akaja na kitu.

Alikuwa hajakimaliza. Alikitoa kwenye kikapu, akakifungua mbele ya waliokuwa wamekaa naye benchi moja, Maulida akiwemo. Ukifungua ile kadi, twiga anasimama. Yaani shingo ya gome imekunjwa mara nne kwa namna ambayo ukifungua inanyooka yenyewe, twiga anakuangalia, ukifunga analala. Kingo mbaya, gundi imemwagika, lakini twiga anasimama. Hanna akasema ataileta vizuri mwezi ujao, akaondoka kuwahi kwaya.

Mwezi ujao ukafika, na zamu ya Maulida ilikuwa kabla ya zamu ya Hanna. Akafungua kadi yake. Twiga akasimama. Safi, shingo laini, madoa ya kitenge, jicho la mbegu. Watu wakapiga makofi. Hanna akabaki na ya kwake kikapuni, hakuitoa. Akasema kwa sauti ndogo, "Maulida, huyo si ni wangu?"

"Wako yupi? Wewe ambaye hata mstari ulionyooka hujawahi kukutana nao?" Na Maulida akaapa, mbele ya wote, Wallahi, kwamba mkunjo ule aliuota mwenyewe, hajauona kwa mtu. Mama Yoeli, mama mtu mzima wa Kimeru aliyekaa benchi lile lile na akauona ule wa kwanza, alimwangalia tu. Muzammil mwenyewe siku ile ya kwanza hakuwepo benchini, na hii ya pili alikuwa mbele dukani na wateja, angejuaje. Twiga akawekwa dirishani, na Muzammil akampenda mpaka mwezi ulipoisha akakataa kumtoa. Tangu hapo Hanna hakumsalimia Maulida, na Maulida akasema afadhali, salamu zenyewe zilikuwa zinanuka moshi.

Mpaka hapo ungesema ni ugomvi wa kadi, basi. Lakini mwezi wa kumi na moja akaja meneja wa hoteli moja ya kitalii huko njia ya Momela, akamwona twiga dirishani. Akataka twiga hao kwa mwaka mzima, kila chumba cha mgeni kiwe na mmoja, na nyuma ya kila kadi liandikwe jina la aliyemtunga. Muzammil akatangaza: Jumamosi ya mwisho wa mwaka, mbele ya watu wote, ataandika kwenye karatasi ya oda jina la mwenye twiga. Kama kuna mwenye neno, aseme siku hiyo.

Unaona sasa. Kazi ya mwaka, jina lako mpaka Ulaya, na kitu kimoja tu kinachotakiwa kwa Maulida: mtu asiseme neno. Na nani aseme? Hanna amenyamaza miezi minane. Mama Yoeli naye kimya. Maulida akaanza kutembea Kaloleni kama amemeza rula.

Mada ya mwisho Muzammil aliandika kwa chaki: JIRANI. Kofia ikazunguka. Maulida akachomoa, akakunjua, akavuta hewa puani. Hanna.

"Nimepata Mama Panya," alimwambia mdogo wake Zakia jioni hiyo. "Nitamtengenezea kadi nzuri mpaka aone aibu kuishika."

Na alitengeneza. Tumpe haki yake. Nyumba mbili za gome zimekaa ubavu kwa ubavu, moshi wa pamba unatoka hii unaingia ile, njia katikati imewekwa mchanga halisi wa mto Themi. Ilibaki kuifunga. Maulida alikuwa ameona kwenye kadi za Krismasi za Wazungu kwamba kadi ya maana inafungwa na utepe, unapiga fundo la ua mbele. Tepe za dukani zilikuwepo, lakini tepe za dukani anatumia Joyce. Yeye akataka jani bichi, refu, gumu, la kijani linalong'aa, ambalo halisinyai siku mbili tatu.

Jani hilo alilijua. Umeliona na wewe, limejaa kwenye nyuzio za mashamba kuanzia Lemara kupanda juu mpaka msituni, Wameru na Wachaga wamelipanda kwenye mipaka yote. Isale. Maulida amezaliwa Arusha, amekulia Arusha, miaka thelathini na moja analipita hilo jani, na hajawahi hata siku moja kumuuliza mtu ni la nini. Kwake ilikuwa majani ya washamba, kwisha.

Akaenda Lemara, akamkuta bibi mmoja anafagia pembeni ya uzio wake. "Shikamoo bibi. Naomba jani moja hapo."

"Marahaba." Bibi akaacha kufagia. "Umekosana na nani, mwanangu?"

"Sijakosana na mtu. Nataka jani tu."

"Aa. Wengi wanaanza hivyo hivyo." Bibi akamchagulia mwenyewe, jani zuri, akalifuta kwa khanga yake. "Mpelekee kwa mikono miwili. Usimrushie."

Maulida alicheka njia nzima. Alipofika nyumbani akamsimulia Zakia, eti vibibi vya Lemara vimechanganyikiwa, jani la uzio linapewa mikono miwili kama mtoto mchanga. Zakia hakucheka. "Dada, mbona kama nimewahi kusikia hayo majani Wameru wana mambo yao nayo? Si umuulize mtu kwanza."

"Nimuulize nani, mbuzi wao?" Akalizungusha jani kwenye kadi, akapiga fundo moja zuri mbele, likakaa. Akasogea nyuma kulitazama. Alijipenda.

Jumamosi ikafika. Benchi zimejaa, karatasi ya oda iko mezani kwa Muzammil, kalamu juu yake. Wakaitwa mmoja mmoja. Maulida akaitwa. Akasimama, akapita katikati ya watu taratibu ili waione vizuri, na kwa sababu alitaka waione vizuri, akaibeba kwa mikono miwili. Akafika mbele ya Hanna. Akainama kidogo, ile ya maigizo, ya kumcheka. Akaikabidhi.

Hanna hakuipokea.

Aliangalia lile fundo. Pembeni yake Mama Yoeli akasimama. Halafu mama mwingine wa Kimeru akasimama, na mwingine nyuma, na Mchaga mmoja wa Machame aliyekuwa amekuja kununua vinyago tu akavua kofia.

Maulida akafikiri ni uzuri wa kadi. Naapa. Akatabasamu.

"Nimekusubiri tangu mwezi wa nne," Hanna akasema. Machozi yanashuka na hayafuti. "Nilisema moyoni, huyu hawezi kuja. Ni mtu wa mjini, ana maringo, hawezi. Na umekuja na isale, umeifunga mwenyewe, mbele za watu." Akanyoosha mikono miwili, akapokea. "Nimekusamehe, Maulida. Mbele za Mungu, yale ya twiga yameisha."

"Ya twiga yapi?" akauliza Muzammil.

Familia ya Muzammil asili yao Tanga, na yeye majani ya isale anayajua kama Maulida anavyoyajua, yaani hayajui. Ikabidi Mama Yoeli amweleze, na alieleza polepole, kama anayefundisha mtoto kufunga viatu. Kwamba kwao, mtu akikukosea, hata kama ni kosa la damu, akikuletea jani la isale limefungwa fundo, amekiri na ameomba. Haongezi neno. Na wewe uliyeletewa huna ruhusa ya kukataa. Ukikataa, kosa linahamia kwako.

"Kwa hiyo," Muzammil akasema, akachukua kalamu, "Maulida amekiri kwamba twiga ni wa Hanna."

"Mwenyewe," akasema Mama Yoeli. "Na mimi nilimwona huyo twiga akitolewa kikapuni mwezi wa tatu. Nilikuwa namngoja aseme yeye, maana akisema mwenyewe ndiyo linaisha vizuri."

Macho ishirini na matatu mara mbili, yote kwa Maulida. Na hapo ndipo akili ikamfikia, imechelewa kama mgeni wa harusi. Yule bibi. Mikono miwili. Akafungua mdomo. Maneno yalikuwepo, manne tu: jamani, huo ni utepe. Angeyasema, angekuwa mwanamke aliyechukua kitu ambacho nusu ya chumba wanakipokea kwa kusimama, akakifanya mapambo ya kumtania aliyemwibia, halafu akamtupia machozi yake usoni. Angenyamaza, amekubali wizi. Loishiye akakohoa. Joyce alikuwa anamwangalia kwa huruma, na hiyo huruma ya Joyce, ya yule wa shanga, ndiyo ilimmaliza.

Akafunga mdomo.

Hanna akampa mkono. Maulida akaushika kwa ncha za vidole, sekunde mbili, kama anashika samaki wa jana. Muzammil akaandika jina la Hanna kwenye karatasi ya oda, akapuliza wino ukauke. Punje za mahindi siku hiyo zilijaa kikombe cha Maulida mpaka zikamwagika, ushindi mkubwa kuliko wote aliowahi kupata, na hakuna aliyekuwa anaipigia kura kadi.

Watu wanatoka, Hanna akamfuata mlangoni. "Mimi kukata siwezi, unanijua. Wewe mkono wako wa wembe hauna mwenzake Arusha nzima. Njoo Jumatatu nyumbani, tuwafanye hao twiga wote wawili. Nitaliandika na jina lako chini ya langu."

Na alimaanisha. Hiyo ndiyo inayouma. Hakukuwa na kejeli hata tone, kejeli angeijua, ni lugha yake ya nyumbani.

Jumatatu asubuhi Maulida yuko kibarazani Kaloleni, amevaa, mkoba begani, amekaa. Zakia akatoka na chai.

"Unaenda au huendi?"

"Nikakae Lemara nimkatie Mama Panya shingo za twiga wangu, jina langu liwe chini yake?"

"Twiga wa nani?" Zakia akauliza, akanywa chai.

Maulida akarekebisha mkanda wa mkoba. Alikaa pale, mkoba begani, saa mbili ikapita, saa tatu ikaingia.

Sasa niambie wewe, na usijifanye mtakatifu. Siku ile dukani, kalamu ikiwa mkononi mwa Muzammil, ungesema lile jani ni utepe tu? Na kama ungenyamaza kama yeye, Jumatatu hiyo ungeinuka ukaenda Lemara?