Uso wa Saa Saba

...na hata kidevu chake ni laini, aliwaza akipitisha sponji chini ya midomo ya mtangazaji, kidevu cha mtu ambaye hajawahi kupigwa hata kofi la kusingiziwa, wakati taya la Cheche limevimba upande mmoja mpaka uji anaunywa kwa mrija, Cheche mdogo wake, wa tumbo moja, fundi wa kuchomelea vyuma aliyepata jina hilo siku ya kwanza kazini alipounguza shati lake mwenyewe, akarudi nyumbani na matundu kifuani huku anacheka... "Dada Poda, leo usiniwekee nyingi, jana nilionekana kama maiti," mtangazaji akasema, macho yakiwa kwenye karatasi zake, naye akajibu "sawa bosi" kwa sauti ile ile ya miaka yote, sauti tamu, sauti ya mtu ambaye hana kichupa cha mafuta ya karanga kwenye mfuko wa aproni, ila anacho, alikijaza asubuhi jikoni mama akiwa amempa mgongo, maana nani mwingine humu kituoni anajua kwamba huyu bwana na karanga hawapatani, nani, ni yeye peke yake, tangu siku ile walipoletewa mafuta mapya ya midomo, kumbe yana karanga ndani, na uso wake ukaumuka kama unga uliotiwa hamira, macho yakabaki mistari, habari ikasomwa na mwingine, na baadaye bwana huyu akamshika mkono, mkono huu huu, akamwambia iwe siri yao wawili, wasije wakasema ni mgonjwa wakampa mtu kiti chake, na yeye, mjinga yeye, akaitunza, kila kopo jipya alisoma maandishi madogo ya nyuma kabla hajamgusa nalo, akamlinda kama yai, akawa analinda uso uliokuja kumchafulia mdogo wake jina... "Wiki moja iliyopita," mtangazaji akaanza kusoma kwa sauti ya chini, akijizoeza, "mji huu ulitikiswa na vurugu ambazo..." akasimama, akakohoa, akarudia, "vurugu ambazo hazijapata kuonekana," haya, hazijapata kuonekana, na ni kweli hazijaonekana, kwani nyinyi mlionyesha nini, mlionyesha moshi, mkaonyesha vioo vya benki vilivyopasuka, vioo vile vilipewa muda mrefu kuliko mama muuza mitumba aliyepigwa risasi akiwa anakunja nguo zake ili akimbie, yule mama hakutajwa, aliingia kwenye "watu kadhaa", akazikwa humo humo ndani ya "watu kadhaa", lakini Cheche, ahaa, Cheche mlimpenda.

Akageuza kile kidevu kwa vidole viwili kuelekea kwenye taa, nacho kikafuata bila ubishi, na akakumbuka jinsi picha ile ilivyotokea runingani mara ya kwanza, yeye yuko sebuleni anamenya viazi, mama anasema "mwanangu, huyo si mtoto wetu huyo?", na kweli ni Cheche, anakatiza barabara, grainda begani, ile mashine yake ya kukatia vyuma, kinyago cha kuchomelea kimeshushwa usoni, maana mabomu ya machozi yalikuwa yamerushwa na yeye, kwa akili zake zile, alidhani kinyago kinachozuia mwali wa moto kitazuia na moshi, akakimbia nacho huku analia ndani yake kama mtoto mdogo, kipofu kabisa, akajigonga kwenye nguzo mara mbili, alikisimulia kisa hicho jioni ile na wote wakacheka mpaka mama akashika mbavu, kabla hawajawasha runinga... Kinyago chenye mwali wa rangi ya chungwa aliouchora mwenyewe ubavuni, hakuna kingine kama hicho mji mzima, na kichwani kwake wakamzungushia duara jekundu, na sauti hii, hii hii inayojizoeza hapa mbele ya kioo, ikasema mmoja wa waporaji akiwa ameficha uso anatoroka na mali ya wizi. Mali ya wizi! Grainda yake, aliyoinunua kuukuu, aliyoitia waya upya, aliyokuwa anaiokoa kwa sababu waporaji wenyewe walikuwa wameshafika kibanda cha tatu kutoka chake! "Nipe tishu," mtangazaji akasema, yeye akampa, bwana akajipangusa pembe ya mdomo, akamrudishia tishu iliyotumika bila kuangalia inapokelewa na nani, na yeye akaipokea, huo ndio mkono wake, mkono wa kupokea. Wakairudia picha ile asubuhi, mchana, usiku, wakaipunguza mwendo ili watu waone vizuri, na watu wakaona vizuri, wenye maduka yaliyovunjwa wakaona, wakautambua ule mwali wa chungwa, wakamfuata kibandani, wakashika nyundo yake mwenyewe, wakamlaza mkono wa kulia juu ya fuawe lake mwenyewe... hapana, hapo asifike, akifika hapo kazi itaharibika, akachovya sponji, akakung'uta, akaendelea na shavu.

Na alikwenda kwa mhariri, asisemwe kwamba hakwenda, alisimama mlangoni kwake na aproni yake akisubiri amalize simu, akamweleza yote tangu mwanzo, na mhariri akamsikiliza vizuri, hilo hawezi kulikana, akatikisa kichwa kwa masikitiko kama mtu aliye msibani, akasema pole sana Dada Poda, halafu akamuuliza kama ana risiti ya grainda. Risiti! Na ya duara wao wanayo? Nani aliwauzia? "Unajua," mhariri akasema, "hiyo ndiyo picha iliyotazamwa kuliko zote mwaka huu, na hata hivyo habari yenyewe imeshapita," imeshapita, naye akarudi kwenye chumba chake cha vioo na taa, akaamini kwamba imepita, mpaka leo asubuhi alipokuta ubaoni imeandikwa kipindi maalumu, wiki moja baada ya vurugu, na chini yake, picha ya kinyago... Wataionyesha tena. Saa saba hii hii. Na wale watu, ambao wamekwisha kupoa kidogo, ambao jana mmoja wao alipita mbele ya nyumba akaangalia chini, wataiona tena na wataulizana, kwani yule tulimaliza naye? yuko wapi siku hizi? na jibu ni rahisi, yuko kwa dada yake, sebuleni, kwenye godoro, mkono umefungwa bandeji kama gogo zima, mama anahamisha kabati kila wakilala analisukumia mlangoni, mama na kiuno chake kile. "...tazama kijana huyu," mtangazaji akasoma, akalivuta neno kijana, akalijaribu kwa namna nyingine, "kijana HUYU," akaridhika, "aliyeficha uso wake," na Dada Poda akasema moyoni, basi na wewe utaufunua wako, leo utakiona cha mtema kuni.

Kidole gumba kikaingia mfukoni chenyewe, kikapata kifuniko, kikakizungusha. Tone moja kwenye brashi ya midomo, halitaonekana, litang'aa tu vizuri, atalilamba kwa tabia yake ile ya kulamba midomo kabla ya "habari za mchana", na katikati ya kijana HUYU ulimi utakuwa mzito, mdomo utapanda, jicho moja litafunga kisha la pili, nchi nzima inatazama, na yeye atasimama nyuma ya kamera amekunja mikono, ooh, ilikuwa tamu fikra hiyo, tamu kuliko usingizi, akaacha iendelee kwa raha zake, na fikra ikaendelea, haikujua kusimama, ikafika kwenye gari la wagonjwa getini, na kamera zinakimbia, mbili, tatu, kwa mwenzao wanakimbia, na maandishi yanapita chini ya runinga, mtangazaji mashuhuri alishwa sumu, watu wanalia, watu wanamwombea, na kisha picha yake yeye, ile ya sherehe ya kituo ameshika gilasi anacheka, na kichwani duara. Dada wa mporaji. Na Cheche ubavuni mwake na duara la pili. Mkono ukaganda mfukoni. Kumbe angewapikia na kuwapakulia! Wangekula mwezi mzima! Huyu akiumuka mdomo ni habari kuu, mdogo wake akisagwa mkono si habari hata ya mwisho baada ya michezo, na mama muuza mitumba angezidi kuzama kule chini kwenye watu kadhaa, na yeye mwenyewe, kwa mkono wake, ndiye angewaletea. Nusura acheke. Akakaza kifuniko mpaka kikalia. Lakini hakusamehe, asidanganyike mtu, chuki haikupungua hata robo, ila ilitulia kama maji yaliyopata mfereji, na akamtazama yule bwana kwenye kioo kana kwamba hajawahi kumpaka hata siku moja, akaona anachokitaka kwake wala si uso. Ni wepesi wake. Wepesi ule wa kusoma, kukunja karatasi, kunywa maji na kwenda nyumbani kulala fofofo. Usingizi ule ndio ameutamani, aumegue, na kwa hilo hahitaji kichupa. "Mbona kimya hivyo leo?" mtangazaji akauliza, na yeye, sponji ikiwa kwenye paji la uso, akasema polepole, "Huyo kijana wa kinyago ni mdogo wangu." Akacheka, mtangazaji, kicheko kifupi cha adabu, "Acha utani, Dada Poda." "Tumbo moja. Grainda ni yake. Watu walimtambua kwenye picha yenu, wakamponda mkono wa kazi kwa nyundo. Yuko kwangu, anakutazama kila siku, anasema una sauti nzuri." Kicheko kikabaki mdomoni hakina pa kwenda, na chini ya sponji akalisikia joto, joto la kweli, jasho likichomoza kupitia poda aliyoiweka sasa hivi, tone baada ya tone, na hakulipangusa. "Kwa nini hukuniambia?" "Mhariri aliniomba risiti." "Lakini mimi... dada yangu, mimi nasoma tu, siandiki mimi," akasema, na sauti ile nzuri ikawa ya mtu wa kawaida tu, mtu yeyote kwenye foleni yoyote, naye akajibu, "Najua. Wiki nzima umesoma hujui. Leo soma unajua." Msimamizi wa studio akapenyeza kichwa mlangoni, "Bosi, tunakungoja!" akaondoka, na hakuna aliyeinuka. Akachukua ile brashi kubwa, akaichovya, akaikung'uta, akasema kama asemavyo kila siku kabla ya poda ya mwisho, "Funga macho." Mtangazaji hakuyafunga. Akayakodoa kwenye kioo, na Dada Poda akasubiri, brashi imeinuliwa, hana haraka yoyote.