Walitoka Nje

Asubuhi ya Jumatatu seremala alimaliza kufunga mlango mpya wa ofisi ya profesa. Alipaka bawaba mafuta, akajaribu kitasa, akapiga magoti kufagia maranda. Mlango ulikuwa wa dukani, na fremu yake vilevile, lakini kizingiti kilikuwa cha mti mweusi wa zamani, kimelika katikati pale nyayo zilipozoea kukanyaga. Katibu muhtasi alikitazama akauliza mbona kikongwe. Seremala akamjibu kwamba mbao za siku hizi hazina nidhamu. Katibu muhtasi akakubali, maana hata kabati lake lilikuwa limepinda.

Profesa akaja na kikombe cha chai mkononi. Alimshukuru seremala, akavuka kizingiti, akaingia ofisini, akajikuta amesimama nje kwenye nyasi, chini ya dirisha la ofisi hiyohiyo. Chai haikumwagika. Akazunguka jengo, akapanda ngazi, akaingia tena, akawa nje tena. Alirudia hivyo mpaka chai ikapoa. Hatimaye katibu muhtasi alifungua dirisha, akamuuliza kama angependa barua zake zimfuate hukohuko.

Seremala alikusanya vifaa vyake, akashuka ngazi. Alikuwa na furaha, wala hakuona sababu ya kuificha. Alipiga mluzi mpaka getini.

Ubaya wenyewe ulianzia zamani, kule kilimani, jikoni kwa bibi yake seremala. Miaka hiyo profesa alikuwa akitafuta kinywa cha kwanza. Aliamini kwamba lugha zote za wanadamu zilitoka kwa mama mmoja, na kwamba watu wote walianzia mahali pamoja, mbali sana, kisha wakasambaa wimbi baada ya wimbi. Kwa hiyo watu wowote unaowakuta mahali, walikuja. Kazi ilikuwa kujua tu nani alitangulia na nani alifuata, kisha kuwachora wote kwenye mti mmoja wenye matawi. Mti wa profesa ulikuwa umekamilika isipokuwa tawi moja, nalo lilikuwa la watu wa kilimani. Lugha yao haikufanana na ya jirani yeyote. Neno pekee lililolingana na la wengine lilikuwa "mama", na profesa alipolisikia alipiga meza kwa furaha.

"Mtoto hana meno," bibi akamwambia. "Ulitaka aseme nini?"

Profesa alishinda pale jikoni siku nyingi. Alikunywa chai ya bibi, akamwita mama, akapewa kigoda chake mwenyewe. Bibi alimhadithia asili yao. Watu wa kilimani walikuwa ndani ya ardhi, gizani, pamoja na mizizi na maji. Siku moja wakachoka kubanana. Wakapanda kupitia lile shimo la nyuma ya nyumba, ambalo sasa kuku walitagia, wakatoka nje. Gogo walilolikanyaga wakitoka ndilo lililochongwa kuwa kizingiti, na ndilo hilo lililokuwa pale mlangoni kwa bibi.

Profesa aliinua kalamu. "Walitoka nje?"

"Walitoka nje."

"Nje ya nchi, mama, au nje ya shimo?"

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. "Nje ya shimo, mwanangu. Nje ya nchi ndiyo wapi?"

Mama yake seremala alikuwa palepale akimenya viazi, naye akacheka. Profesa pia alicheka. Alikuwa amesikia vizuri.

Kitabu chake kilipotoka, kilisema hivi: kwa kauli yao wenyewe, watu wa kilimani walitoka nje. Hakuongeza neno. Alichopunguza ni shimo tu. Mti ukakamilika, yeye akapewa nishani, na watu wakaanza kusimama kila anapoingia ukumbini. Baraza la mji, lililokuwa likikitamani kile kilima siku nyingi kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo, likajipatia nakala. Mwenyekiti aliiweka mezani mbele ya watu wa kilimani, akawasomea hiyo sentensi, akawaambia kwamba waliotoka nje hawana madai. Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema, lakini mgeni naye ajue wakati wa kuaga. Kisha matingatinga yakapanda kubomoa. Seremala aliwahi kung'oa kizingiti, basi.

Bibi alifia kwenye chumba cha kupanga, amekaa kitandani, akiutazama mlango asiouamini. Alizikwa katika makaburi ya mjini, katikati ya watu ambao hawakujua hata kumsalimu kwa lugha yake. Tangu siku hiyo mama yake seremala alikuwa na ombi moja tu duniani: arudi kilimani, japo kukaa kidogo, kabla hajamfuata bibi. Alilisema asubuhi, akalisema wakati wa kula. Seremala alilisikia kila siku, na hasira yake ikazidi kuwa na makali.

Lazima isemwe, asije akaonewa, kwamba kabla ya kuwaza kisasi seremala alikwenda kuomba. Baraza lilikuwa limemwambia kwamba aliyeandika akisahihisha, wao watatazama upya. Profesa alimpokea vizuri, akamvutia kiti.

"Binti yangu," akasema, "tukirudi nyuma sana, sisi sote ni wakuja. Hakuna wa hapa. Mimi na wewe ni ndugu, tumetoka kwa mama mmoja."

"Kama ni ndugu, mbona tumebomolewa sisi tu?"

"Hilo sasa si suala la isimu." Profesa akatazama saa, kisha akatazama mlango wake, ambao ulikuwa umevimba kwa mvua na haukufungika. "Wewe si seremala? Hebu ungeniangalizia huu mlango."

Seremala akasema atauangalia.

Watu wa kilimani wanajua tabia ya kizingiti kama wengine wanavyojua kwamba ubao mbichi hupinda. Kizingiti hushika kauli. Mtu akiisemea nyumba uongo, kizingiti chake kitamtendea uongo huohuo, na hakuna wa kukishawishi isipokuwa ukweli. Seremala alikipasua kwa msumeno vipande viwili. Kimoja alikipeleka chuoni, cha pili alikisukuma chini ya kitanda cha mama yake. Hakutaka tena kuombwa radhi. Alitaka profesa atoke nje, na akae huko.

Na kweli, baada ya mlango ule, milango yote ikawa mmoja. Profesa alikwenda kwake, akaingia sebuleni, akajikuta uani chini ya kamba ya nguo.

"Umesahau kitu?" mke wake akamuuliza.

"Hapana. Naingia."

Alipotokea uani kwa mara nyingine, mke wake alimpitishia sahani dirishani, na ndivyo akawa anakula. Akipanda gari, alijikuta amesimama upande wa pili wa gari hilo, na dereva akaondoka peke yake. Kwenye zahanati daktari alimpima akiwa kwenye bustani, akamwambia mapafu yake ni mazuri, bila shaka kwa sababu ya hewa. Hata kibanda cha mabati alichojengewa kilimtema kilipowekewa ukuta wa mwisho. Mwavuli tu ndio haukumkataa. Kuna mambo mengine ya mtu kuishi nje ambayo hayafai kusimuliwa, lakini majirani waliyajua yote.

Siku za mvua seremala alipenda kupita hapo. Alikuwa akisimama barazani kwa jirani, mkavu, akitafuna muwa bila haraka. Siku moja profesa alimwona, akaja na mwavuli uliovunjika mbavu, maji yakimtiririka puani.

"Ni wewe?" akauliza.

"Ni kizingiti."

"Nifanyeje niingie?"

"Sema walitoka nje ya nini. Neno moja tu, profesa. Unalijua."

Profesa alifikiri. Alifikiri kwelikweli, haki yake apewe, na mvua ilimnyeshea muda wote huo. Mke wake alifungua dirisha, akasikiliza, akangoja kwa matumaini.

"Nikiongeza hilo neno, tawi linaanguka," profesa akasema mwishowe. "Tawi likianguka, mti mzima unakwenda."

"Basi jikinge chini ya mti wako," seremala akamwambia, akatema kapi la muwa, akaenda zake.

Malipo ni hapahapa duniani, seremala alimwambia mama yake jioni hiyo, akamweleza jinsi profesa alivyolowa. Mama yake alifurahi kidogo. Kisha akauliza, "Na kilimani tunarudi lini?"

Lakini mambo yalikuwa yameanza kwenda vile ambavyo seremala hakutaka kuyaona. Chuo kilimwekea profesa meza uwanjani, na wanafunzi, waliokuwa wakisinzia ukumbini, sasa walikuja wengi. Alitoa kitabu cha pili, kilichosema kwamba binadamu kwa asili yake ni kiumbe wa nje. Wageni wakasafiri kuja kumwona, wakapiga picha naye penye nyasi, wakasema huyu ni msomi anayeishi nadharia yake. Msumari alioupigilia seremala kwa hasira yote ile, profesa akautundikia kofia.

Mke wa profesa ndiye aliyekwenda kulia mbele ya baraza la mji. Alikuwa amechoka kupitisha sahani dirishani. Wajumbe walimhurumia, wakakumbuka kwamba kile kilima kilikuwa bado kitupu, mradi wenyewe ulikuwa umekwama, na upepo ulikuwa ukivuma bure. Wakaona hakuna mahali panapomfaa zaidi mtu asiyeweza kuingia ndani. Wakampa kilima.

Habari hiyo ilimfikia mama yake seremala akiwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja mpaka akamaliza.

"Kumbe ukishatupwa nje," akasema, "ndipo unapewa kwetu."

Seremala alilia, na hakuwa mtu wa kulia. Kisasi alikitengeneza kwa mikono yake, akakipiga randa kikanyooka, nacho kilikuwa kimemchukua adui yake kikampandisha mpaka juu ya shimo la bibi. Alikaa na uchungu huo hadi baraza lilipoamua kwamba mtu wa heshima kama profesa hawezi kukaa mahali wazi kama mbuzi, lazima pawe na uzio na lango. Wakatafuta seremala. Wakamtafuta yule aliyefunga mlango wa ofisi, kwa kuwa bawaba zake hazikuwahi kulia hata mara moja.

Seremala akakubali kabla hawajamaliza kusema. Alitengeneza lango zuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza. Alilitia nakshi, alilipaka rangi mara mbili, na chini yake, kwenye udongo wa kilima, alizika kile kipande cha pili mpaka mgongo wake tu ukabaki juu.

Siku ya kukabidhi kulikuwa na viti, bendi na hotuba. Mwenyekiti alikata utepe. Profesa, kwa suti iliyopigwa pasi uani, alivuka lango kuingia kilimani, akajikuta barabarani nyuma ya wapiga tarumbeta. Aliomba radhi, akapita katikati yao, akaingia tena, akawa barabarani tena. Bendi ilipiga kila alipoingia. Baadaye midomo ya wapiga tarumbeta ikachoka, mwenyekiti akawashukuru wote waliofika, na profesa akarudi kwa miguu kwenye meza yake ya uwanjani. Seremala alimpisha njia. Alimtazama usoni alipopita, na kama kuna aliyemwambia kwamba kisasi hakishibishi, siku hiyo alikula akashiba.

Lakini hati ya kilima haikubadilishwa jina. Kilibaki cha profesa kwa amri ya baraza, kikawekewa kibao chenye sentensi ileile kutoka kitabuni, na mlinzi wa kuwazuia wasiohusika.

Seremala alimchukua mama yake adhuhuri moja. Mama alivaa gauni lake la kutokea. Walimwambia mlinzi kwamba wamekuja kuangalia bawaba, na mlinzi, aliyemfahamu fundi, akafungua. Walivuka kile kizingiti, wakawa ndani. Upepo ulikuwa uleule. Nyumba haikuwapo, ila shimo lilikuwapo, limejazwa kifusi nusu, na ukingoni palikuwa na manyoya ya kuku fulani aliyekuwa bado anakumbuka.

Mama alikaa ukingoni, akaning'iniza miguu ndani. Akaanza kusema na shimo kwa lugha ya bibi. Hakuwa na maneno mengi, alibakiwa na yale ya nyumbani tu: maji, kuni, njoo, kula, lala. Aliyasema yote, akarudia, na chini huko kitu kilikuwa kikiitikia taratibu, neno kwa neno, kwa sauti ya bibi. Seremala alikaa karibu naye akasikiliza. Aliyashika kadiri alivyoweza.

Mlinzi akaja. Hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza kidogo naye, akavua kofia, kisha akakumbuka kazi yake.

"Samahani, mama yangu," akasema. "Hapa pana mwenyewe. Toka nje."

Mama aliinua uso akamtazama, kisha akamgeukia binti yake.

"Umeisikia ile sentensi?" akasema. "Ndiyo hiyohiyo. Hakuna neno lililozidi."

Akajipangusa udongo, akashikwa mkono. Mlinzi aliwafungulia lango, wakatoka nje.