Shingo ya Fundi Bouchta

Nyundo ilishuka, na kigae cha kijani kikavunjika nje ya mstari. Cha nne tangu asubuhi. Fundi Bouchta alikitupa kwenye kapu pamoja na vilivyo vizima ili kisionekane, akalaza kichwa kwenye bega la kushoto, akachukua kingine.

"Shingo bado, Bwana Bouchta?" aliuliza Allal kutoka sakafuni, alikokuwa akipanga vipande kifudifudi, rangi chini, mgongo juu.

"Bado. Wewe panga sahani zako," alisema fundi, akiidharau kazi ya kupanga kama kawaida yake.

Karakana nzima, pale Fes, iliijua shingo hiyo. Wiki tatu nyuma fundi aliteleza kwenye hamamu, bafu la umma, akagonga paji la uso kwenye ukingo wa birika, na tangu hapo kichwa kimelala upande. Mkandaji wa hamamu alimkanda na kumnyoosha shingo mara mbili. Mkewe, Ghita, alimpaka mafuta ya zeituni na kumfunga skafu ya sufi. Hakuna aliyeambiwa kwamba akinyoosha kichwa na kutazama chini, mstari mmoja unakuwa miwili, mmoja juu ya mwingine, na kwamba ngazi za nyumbani anazishuka kwa makalio. Mkata vigae akisema hivyo amejifukuza kazi mwenyewe. Miaka thelathini na sita alikuwa ameketi kwenye fuawe lile, karibu na dirisha. Alichoka kukata, alichoka zaidi kudanganya.

Siku alipomimina chai nje ya glasi, Ghita alimburuta hospitali.

Daktari, msichana mdogo hata kuliko binti yao Najat, alimwambia afuate kalamu kwa macho, kisha akamlaza kichwa bega hili na lile.

"Ukitazama chini unaona vitu viwili, baba?"

Bouchta aliendelea kutazama kalamu.

"Baba Najat, unaulizwa," alisema Ghita.

"Viwili."

"Shingo yako haina kosa. Inalisaidia jicho. Kuna mshipa wa fahamu, mwembamba sana, unatoka nyuma ya ubongo na kuzunguka mbali hadi kwenye jicho. Kazi yake ni kulishusha. Wa jicho la kulia uliumia ulipoanguka. Sasa la kushoto linashuka, la kulia linabaki juu. Ukilaza kichwa, yanakutana."

"Wiki tatu nampaka mafuta!" Ghita alimaka. "Na kila usiku ananiambia anapata nafuu, mwongo huyu!"

"Mshipa huo utapona?" aliuliza Bouchta.

"Huenda, baada ya miezi. Huenda usipone wote. Kwa sasa ziba jicho moja."

Kesho yake alikuja na kitambaa jichoni. Mstari ulikuwa mmoja, lakini nyundo haikujua tena kigae kiko umbali gani, na pigo la tatu likatua kwenye kidole gumba. Bwana Larbi, mwenye karakana, alitazama damu, kisha akatazama dirishani.

"Kaa na Allal kwanza, fundi. Mpaka jicho litulie."

Aliona aibu, aibu ya kutaka ardhi immeze. Aliteremka sakafuni kama mgeni, akanyoosha mkono kutafuta vipande, na kwa kutozoea jicho moja akagusa mkebe uliokuwa nyuma ya goti la Allal. Alichota. Hakuhitaji kutazama, maana kila mkataji anajua ukingo wake kwa kidole. Ncha zilikuwa zimepinda, zote, mkebe mzima.

"Vya nani hivi?"

Allal hakuinua uso. "Vya jamaa mmoja mwenye shingo mbaya."

"Tangu lini?"

"Tangu hamamu. Navichambua kapuni."

"Na vilivyoingia ukutani?"

"Nilivikata mimi, saa ya chakula. Vibaya tu. Lakini huko juu nani atapanda kuchungulia?"

Kwa miaka yote Bouchta alimwita mtu huyu mpanga sahani, mbele ya watu. Alivua kitambaa, na Allal wakawa wawili, mmoja juu ya mwenzake, wote na vumbi la vigae kwenye nyusi.

Alilaza kichwa polepole begani, mpaka wakakutana.

"Sogea kidogo, fundi," Bouchta alimwambia Allal. "Unanizibia mwanga."

Allal alisogea.