Mbu Arobaini na Wanne

Hodi ilipopigwa, Eufrazia alikuwa na mrija mdomoni, akiwavuta mbu kwa pumzi, mmoja mmoja, kutoka kikombe hiki kwenda kile. Asingeweza kuitikia bila kuwaachia waruke, kwa hiyo alipunga mkono tu. Mlangoni akainama mwanamume mnene wa makamo, suti nyeusi, tope hadi magotini.

"Samahani, binti. Gari limenasa pale kwenye kona, dereva amekwenda kutafuta watu wa kusukuma. Naomba maji ninawe miguu."

Eufrazia aliijua sauti ile kabla hajainua uso. Wiki iliyopita ilitoka redioni, humo humo kibandani: Mheshimiwa Yeremia Kasubi, mbunge wa huko Tabora, akisema fedha ya umma isipotee kwa wasomi wa kuhesabu mbu wakati watoto wanakaa sakafuni. Bajeti mpya ilikuwa inakuja, na vituo vidogo vya utafiti vilikuwa vinasubiri kukatwa. Kituo cha Matombo, yaani kibanda cha mabati, Eufrazia na msaidizi wake mmoja, kilikuwa na uhakika wa kuishi hadi Juni tu.

Aliutoa mrija. "Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Kumbe unanijua?"

"Nakujua kwa maneno yako."

Mbunge alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyebanwa na mlango. Alieleza kwamba alikuwa akitoka misheni, kwenye jubilei ya sista aliyemfundisha kusoma. Akaketi kwenye kigoda, akavua viatu na kuanza kunawa. Hapo ndipo msaidizi mwenyewe, Bi Mwanaheri, alipoingia kutoka bondeni kwenye migomba, na ndoo yake ya viluwiluwi vya mbu.

"Shikamoo, mama," mbunge aliwahi.

"Marahaba. Wa wapi wewe, mbona umevaa kama unakwenda kuoa tope?"

"Wa Tabora, mama. Mnyamwezi."

"Alaa! Mtani wangu huyu!"

Ndoo ikatua chini. Waluguru na Wanyamwezi wanataniana tangu enzi za mababu, na mtani haruhusiwi kukasirika. Kabla mbunge hajajifuta maji, viatu vyake vilikuwa ndani ya kapu la Bi Mwanaheri.

"Hivi vyangu. Ukivitaka, uvikomboe."

Safari hii mbunge alicheka kwa moyo wote, mkono tayari mfukoni. "Sema bei, mama."

"Pesa kaa nazo, ukanunulie akili. Sauti hii naijua, wewe si ndiye uliyetusema redioni? Hesabu mbu."

"Bi Mwanaheri!" Eufrazia alitamani ardhi ipasuke.

"Tulia, mwanangu. Haya ni yangu na mtani wangu."

Basi mheshimiwa akasogezewa vikombe vilivyofunikwa kwa chandarua, pekupeku, suruali imekunjwa hadi magotini. Eufrazia alimweleza. Mbu walikuwa mia moja. Jana waliwekwa kwa saa nzima na dawa ile ile inayotiwa kwenye vyandarua. Leo, baada ya kupita siku nzima, wote walitakiwa wawe wamekufa.

Mbunge alihesabu walio hai kwa kidole. Akasita, akaanza upya.

"Arobaini na wanne," alisema taratibu. "Wanaruka kabisa. Na dawa ndiyo hii tunayolalia?"

"Ndiyo hiyo."

"Hata kwetu Tabora?"

"Ya Tabora sijui, mheshimiwa. Hakuna aliyewahesabu."

Mbunge alitazama vidole vyake vya miguu. "Binti, mimi nilijifunza kuandika juu ya mchanga. Shule yangu ile, hadi leo darasa la pili wanakaa chini. Nikisikia utafiti, namwona mtu kwenye kiyoyozi anakula posho."

"Kiyoyozi chetu ni ule mlango," alisema Eufrazia, na woga ukaanza kumtoka. "Mimi nimekulia Kihonda. Dawati nilikuwa nalo, zuri tu. Lakini nilipokuwa darasa la tatu niliugua malaria mara nne, likabaki tupu. Nayataka hayo madawati yako, mheshimiwa. Nataka na watoto wa kuyakalia."

Nje, sauti za watu wenye majembe zilikuwa zinakaribia. Mbunge alisimama.

"Fedha siwezi kukuahidi, niko mmoja kati ya wengi. Nami Jumanne nina dakika tano tu bungeni, na nimewaambia watu wangu nitayasema madawati. Lakini lile neno la kuhesabu mbu nitalifuta, mbele ya wote."

"Na useme ulichokiona," alidakia Bi Mwanaheri, akimrudishia viatu. "Chote, na idadi yake. Ukitudanganya, nakufuata Tabora kwa miguu."

"Chote, mama. Naahidi."

Jumanne asubuhi redio iliwekwa juu ya meza ya vikombe. Watoto wa darasa la sita, waliokuja kwa somo lao la mbu, walijazana hadi mlangoni. Mheshimiwa Kasubi akaitwa.

"Mheshimiwa Spika, nilisema utafiti wa mbu ni upotevu wa fedha. Nilikosea, nalifuta neno hilo."

Bunge likaangua kicheko. "Daktari wa mbu!" mtu alipiga kelele. Mbunge akasubiri, akaendelea: kibanda cha Matombo, vikombe, dawa. Mwingine akasimama kutoa taarifa, akauliza kama Waluguru wamemroga. Vicheko tena, na dakika zikayeyuka.

Kengele ya kwanza ililia.

"Sasa madawati, mheshimiwa," Eufrazia aliinong'oneza redio, mikono ameibana kifuani. "Yaseme tu, tutakuelewa."

"Mheshimiwa Kasubi," ilisikika sauti ya Spika, "umebakiza dakika moja. Nina taarifa ulikuwa na la madawati."

Karatasi zikachakarika.

"Ninalo, mheshimiwa Spika, na watu wangu wanalisubiri. Watanisuta. Lakini hili la mbu nilimwahidi mtu kwamba nitalisema lote, na bado sijafika kwenye idadi." Akakohoa. "Kati ya mbu mia moja, nilihesabu mwenyewe, mara mbili..."

Akaisema idadi yenyewe, na maana yake kwa kila mtoto anayelala ndani ya chandarua, bila haraka, mpaka kengele ya pili ilipomkata.