Mkono wa Torkild

Watu wanadhani kuishi pamoja kwa hiari ni kupika viazi kwenye sufuria moja na kuimba. Waje waulize kwetu. Tuko nyumba kumi na nane nje ya mji wa Roskilde, Denmark, ukumbi mmoja katikati, na sheria moja tuliyojivunia kuliko zote: hatupigi kura. Tukishajadili, mwenyekiti anauliza kama kuna asiyeweza kuishi na uamuzi. Akiwepo hata mmoja, uamuzi unakufa na tunatafuta njia nyingine.

Torkild ndiye aliyeipigania sheria hiyo, mwaka tulipomwaga zege la kwanza. Yeye alikuwa seremala, mimi mwalimu wa hesabu. "Ebbe akishika nyundo, ficheni vidole," aliwaambia watu, wakacheka mpaka na mimi nikacheka.

Miaka miwili iliyopita akili ilianza kumtoka. Milango yetu haifungwi kwa ufunguo, basi akawa anaingia popote, anakaa mezani, anakula mkate wa watu na kuuliza mkewe Bodil yuko wapi. Tulizoea. Novemba akaingia kwa Liva, akaweka birika la plastiki juu ya jiko la umeme, akawasha, akaondoka zake. Moshi ulijaa nyumba nzima na mtoto wa Liva amelala ghorofani.

Jumapili iliyofuata, baada ya kahawa, tukaketi ukumbini. Bodil alikuja na Torkild, maana wote ambao angeweza kuwaachia walikuwa mle ndani.

"Jamani, nampenda huyu mzee," Liva alisema huku analia. "Kitanda cha mwanangu katengeneza yeye. Lakini mimi silali tena. Aende nyumba ya wazee, kule kuna watu wa kumwangalia."

"Nitamwangalia mimi," Bodil alisema.

"Na wewe utalala saa ngapi, Bodil?" Asger, mwenyekiti, alimuuliza kwa upole. "Labda kama kuna wa kukusaidia."

Hakuna aliyejitolea. Mimi nilikuwa mwandishi wa mkutano, nikajificha kwenye daftari langu.

"Haya. Kuna asiyeweza kuishi na uamuzi huu?"

Torkild akanyoosha mkono.

"Mimi siwezi," alisema, kwa sauti yake ileile ya zamani. "Sijui ni mzee gani mnamsema, ila nasikia ana mke. Mnamtoaje mtu kwa mkewe? Kama mnamwogopa, aje akae kwangu. Chumba kipo."

Asger alinigeukia, kwa sababu sheria zote nilizitunza mimi. Nilipaswa kusema uamuzi umekufa, tupange zamu. Lakini zamu zingenifikia na mimi, na nilikuwa nimechoka kumlisha rafiki aliyesahau jina langu. Huo ndio ukweli, wala haupendezi. Nikainama, nikaandika: Wote wamekubali.

"Asante, Torkild," Asger alisema.

"Si kitu, kijana wangu," akajibu, ameridhika kabisa, akaomba kipande kingine cha keki.

Alhamisi wakampeleka. Wiki moja baadaye Bodil aliingia kwangu na ile karatasi ya mkutano niliyoibandika kwenye ubao wa ukumbini, kaibandua, akaiweka mezani.

"Umeandika wote."

"Bodil, hakujua anamtetea nani."

"Sheria aliijua."

Nikapandwa na hasira ya mwenye makosa. "Mbona wewe hukunyoosha mkono?"

"Nilichoka, Ebbe. Miaka miwili sijalala. Mkono ulikataa kunyanyuka. Nilipouona wa kwake nikasema basi, tumepona. Nikakutazama wewe."

Nilimvutia kiti, hakukaa.

"Kila nikienda kumwona ananiuliza kama yule mzee aliachwa akae na mkewe."

"Unamwambiaje?"

"Namwambia ndiyo, aliachwa. Namwambia Ebbe aliandika."