Jina la Mokaya, Ng'ombe za Nyamweya

"Andika jina la bwana yako tuende nyumbani."

"Bwana gani?"

"Yule alikutoa kwetu. Ama umesahau?"

"Mimi ndio nimesahau? Yeye yuko Kampala na mwanamke mwingine, watoto wanamwita baba, na wewe unataka nitembee na jina yake mpaka Ulaya."

"Kemuma, usinipigie kelele mbele ya watu."

"Punguza yako kwanza."

Tulikuwa tumekaa kwa ngazi ya ofisi ya DC, Homa Bay. Fomu ilikuwa kwa magoti ya dada yangu, na chini ya fomu ameweka Biblia ili kalamu isitoboe karatasi. Tulikuwa tunagombana kwa Kikisii, tukidhani hakuna mtu anasikia. Mama mmoja aliyebeba dagaa wa omena kwa kichwa akasimama, akatuangalia, akacheka. Kumbe anasikia kila kitu.

"Msichana mzuri hivi," akasema kwa Kiswahili, "na ndugu yake ni kelele tu." Akaenda zake.

Kemuma alikuwa nesi mdogo kwa hospitali ya misheni, wale wa kuosha vidonda na kubadilisha shuka. Wakubwa wake walimtafutia nafasi Uingereza, asome awe nesi kamili. Barua ilikuja, nauli ikapatikana, ikabaki pasipoti. Na pasipoti inataka jina.

Karani alikuwa anaitwa Onyango, mtu wa miwani na maneno mengi. Alikuwa ametueleza mara ya kwanza, tukatoka nje kufikiria, tukaanza kugombana. Alimwuliza Kemuma, "Cheti ya ndoa iko?"

"Hakuna."

Haikuwako kwa sababu sisi ni Wasabato na huyo Ogeto aliyemwoa ni Mkatoliki. Pasta wetu alikataa kwenda kwao, padri wao akakataa kuja kwetu. Wazee wakachoka, wakamaliza maneno kwa ng'ombe.

"Basi serikali haijui kama umeolewa," Onyango akasema. "Ukiandika jina ya baba yako, mkubwa wa boma yenu anasaini. Ukiandika jina ya bwana, bwana anasaini, ama baba yake. Chagua. Lakini chagua moja, na ulete leo ama kesho, mfuko wa barua wa Nairobi unafungwa." Halafu akanigeukia mimi. "Omera, ndugu yangu, saidia huyu mama achague."

Mkubwa wa boma ni mimi. Baba yetu, mzee Mokaya, alikufa zamani, na mama hasikizwi na mtu kwa mambo kama haya. Ni mimi, Gichana, taniboi, utingo wa lori ya kubeba miwa Awendo, mtu aliyeacha shule kabla ya kujua kugawanya vizuri.

Serikali haijui, sawa. Lakini ng'ombe zinajua.

Ng'ombe za Kemuma zilitoka Ndhiwa, kwa mzee Nyamweya, baba ya Ogeto. Hazikukaa kwetu. Kwetu ng'ombe ya dada ndiyo kaka anaolea. Nilizipeleka Kegonga kwa miguu yangu, nikampa mzee mmoja Mkuria, na yeye akanipa binti yake Priscah. Sasa Priscah yuko Migori, kwa chumba tumepanga nyuma ya soko, na ana tumbo yetu ya kwanza.

Kemuma akiandika Mokaya, amesema mbele ya serikali kwamba yeye si mke wa mtu. Nyamweya atakuja kudai ng'ombe zake, na zote, kwa sababu Kemuma hakuzaa kule. Mimi nitaenda Kegonga kuzidai. Na baba ya Priscah hana wazimu. Hawezi kunirudishia ng'ombe halafu aniachie msichana. Atachukua msichana na tumbo yake. Mtoto wangu atazaliwa Kegonga, aitwe jina ya babu yake, na mimi nikipita na lori watoto wa kule wataniita mgeni.

Kwa hivyo nilikuwa nampigia dada yangu kelele.

"Wewe unaona jina tu," nikamwambia. "Mimi naona nyumba yangu ikivunjwa."

"Na mimi naona nini? Nikae hapa nioshe vidonda mpaka nizeeke, ndio wewe ulale na bibi?"

Nikasimama, nikapangusa suruali.

"Twende Ndhiwa," nikasema. "Tumwombe mzee asaini. Ukiandika jina yao na yeye amekubali, hakuna mtu wa kudai mtu. Jina ni wino tu. Ukifika Ulaya jiite vile unataka."

Akaweka fomu ndani ya Biblia. "Nitaenda," akasema. "Lakini wewe ndio utaongea."

Hata kama angetaka kuongea hangeweza. Kwetu mke wa mtoto haongei na baba mkwe mambo ya ndani, hata kiti kimoja hawakai karibu. Tulipofika Ndhiwa, Kemuma alienda moja kwa moja kukaa mlangoni mwa jikoni, uso umeangalia mahindi. Mimi nikapewa kiti chini ya paa la ghala, na uji kwa kibuyu. Nyamweya hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza juu ya mama, juu ya mvua ya Migori, juu ya lori. Kule kando, kijana wake wa pili, Kerosi, alikuwa amepindua baiskeli, anaziba tyubu.

Nikaeleza maneno yote. Uingereza, unesi, fomu, saini.

"Ni jambo nzuri," mzee akasema. "Mke wetu asome. Nani atakataa?"

Nikapumua. Nikakunywa uji.

"Lakini wewe ni mwanaume, Gichana, utanisikia. Ng'ombe zangu zilienda kwenu. Nyumba ya Ogeto iko pale, majani yanaota mlangoni. Ogeto amepotea. Sasa na huyu naye apande ndege? Nitamwambia nani kwamba nilioa?"

"Atarudi, mzee."

"Hata Ogeto alisema atarudi." Akainama, akapunguza sauti. "Aache mtoto hapa kwanza. Ogeto hayuko, lakini Kerosi yuko. Ni damu moja. Akizaa, mtoto akiacha ziwa, nitasaini hiyo karatasi, hata aende mwezini. Hayo maneno siwezi kumwambia mimi. Ni mke wa mtoto wangu. Nenda wewe umwambie."

Kutoka pale ghala mpaka jikoni si mbali, mtu anaweza kutupa jiwe ndogo ikafika. Lakini nilitembea kama mtu amebeba gunia mbili za sukari nguru. Kwa sababu hata mimi, kwetu, hayo si maneno ya kumwambia dada. Kaka anayemwambia dada yake alale na nani, huyo watu watamkimbia.

Nilisimama mbele yake. Kerosi alikuwa ameacha kupiga pampu.

"Amesema nini?"

"Amesema atasaini."

"Na nini tena?"

Nikaangalia mahindi.

"Gichana. Amekutuma useme nini?"

"Amesema nyumba iko na majani mlangoni." Nikakwama. "Amesema Ogeto hayuko, lakini..."

Macho yangu yalienda yenyewe kwa Kerosi, sikuyatuma. Kerosi akashika gurudumu akalizungusha bure, hewa haijajaa. Kemuma akamwangalia, akaniangalia. Akavuta kitambaa chake cha kichwa akakifunga upya, pole pole, mpaka nikatamani anipige.

"Na wewe ukakubali kuja kuniambia," akasema.

"Sijakubali. Nimetumwa."

"Umetembea kutoka pale mpaka hapa na hayo maneno kwa mdomo. Ndugu yangu wa tumbo moja." Akasimama. "Haya, umeniambia. Rudi umwambie vile nimejibu."

"Umejibu nini?"

"Angalia uso yangu, umpelekee hiyo."

Nilirudi. Nikamwambia mzee hapana. Hakukasirika. Aliita msichana aongeze uji.

"Basi andikeni jina ya baba yenu," akasema. "Mimi siwezi kufunga mtu kamba. Lakini nyinyi watu wa Mokaya muwe na heshima. Mkiandika hiyo, ng'ombe zangu zirudi. Sitaki shauri kwa chifu, sitaki kugombana. Zirudi tu."

"Zilienda Kegonga, mzee. Unajua."

"Zikienda Kegonga si bado ni zangu?"

Tulirudi Homa Bay jioni. Tulilala kwa mama mmoja wa kanisa letu, kila mtu akaangalia ukuta wake. Mimi nilikuwa na hasira, na sikujua ni ya nani. Ya Ogeto? Huyo yuko mbali anakula matoke. Ya mzee? Mzee alitaka kitu alilipia. Ya Kemuma? Nikijaribu kumkasirikia naona vile alifunga kile kitambaa.

Asubuhi Onyango alikuwa anakunywa chai kwa meza yake. "Eh, mmerudi. Nani ameshinda?"

Kemuma akafungua Biblia, akatoa fomu. Akashika kalamu lakini hakuandika.

"Priscah anajua?" akaniuliza.

"Nitamwambia."

"Gichana, huyo ni mtu. Si gunia."

"Nimesema nitamwambia! Andika."

"Kama hutaki, sema sasa. Nitarudi hospitali, sitakulaumu."

Uongo. Angenilaumu mpaka kaburini, na angekuwa na haki. Nilimwona akiwa mzee, kwa ile hospitali, na ile ndoo ya kuoshea vidonda. Nilimwona na ile fomu imekuwa ya manjano ndani ya Biblia. Na niliona ule mzigo wa maneno nilibeba kutoka kwa ghala mpaka jikoni, na nikajua asipoandika, nitaubeba mpaka mwisho.

"Andika Mokaya," nikasema.

Aliandika. Polepole, herufi kubwa, kama mtoto wa shule. Onyango akageuza karatasi kwangu, akaweka kidole mahali pa kusaini. Mimi kusaini si kazi yangu. Niliandika Gichana Mokaya, na herufi ya mwisho ikatoka nje ya mstari.

"Hakuna shida," Onyango akasema, akipuliza wino. "Nairobi wameona mbaya kuliko hii." Akaangalia uso wa dada yangu, akaacha mchezo. "Mama, safari njema."

Pale nje Kemuma alinishika mkono na mikono yake yote mbili. Hakusema asante. Alisema, "Nenda nyumbani haraka, umwambie wewe mwenyewe." Halafu akapanda gari ya kurudi hospitali.

Nilipata lori ya mtu najua, ikanishukisha Awendo, nikangoja nyingine. Hiyo njia yote nilikuwa napanga maneno. Nilipanga nianze na Ogeto. Halafu nikapanga nianze na Kerosi, ndio Priscah akasirike pamoja na mimi kwanza kabla ya kunikasirikia.

Nilifika Migori jua imeanza kulala. Priscah alikuwa nje ya chumba, karai ya mandazi iko motoni, lakini hakuna mandazi ndani. Mafuta yalikuwa yanachemka peke yake. Kwa mlango kulikuwa na furushi.

"Unaenda wapi na hiyo?" nikauliza.

"Kerosi amepita hapa na baiskeli," akasema. "Amesema mzee wake anauliza juu ya ng'ombe. Kwamba kama mmesaini, tujitayarishe. Nikamwambia ng'ombe gani? Mimi ndio mke wa hizo ng'ombe." Akaondoa karai kwa moto, akaiweka chini. "Umesaini?"

"Priscah, ngoja nikueleze. Huyo mzee alisema maneno mabaya..."

"Umesaini?"

"Nimesaini."

Alitingisha kichwa kama mtu anahesabu chenji na imetoka sawa.

"Mliniuliza?"

"Ningekuuliza nini? Ungesema hapana."

"Unajua hivyo kutoka wapi?" Sauti yake haikupanda. "Kerosi ameniambia yote, hata ile ya kuacha mtoto. Hana aibu yule. Mimi ningesema saini. Ningesema twende Kegonga mimi na wewe, leo, kabla mzee wa Ndhiwa hajatuma mtu. Ukae mbele ya baba yangu, na mimi nikiwa hapo na hii tumbo, umwombe akupe muda. Baba yangu anakupenda. Ungemwomba, angekubali kungoja. Sasa Kerosi ameniambia anaenda huko kesho. Baba atasikia kutoka kwa mtu wa baiskeli kwamba bwana ya binti yake ameshatoa ng'ombe zake kwa karatasi."

"Twende basi. Twende sasa hivi."

"Wewe umelala wapi jana?"

"Homa Bay."

"Ulikuwa na siku nzima ya kukuja kuniambia. Ulienda Ndhiwa ukaongea na mzee, ukaongea na dada yako, hata karani Mjaluo anajua maneno ya nyumba yangu. Mimi nimeambiwa na Kerosi, mikono iko na unga."

Nilishika furushi. Hakulivuta. Aliuangalia tu mkono wangu mpaka nikaliachilia.

"Nitaenda kwa baba kabla nichukuliwe," akasema. "Nikifika na miguu yangu, mimi ni binti amekuja kutembea. Wakija kunichukua, mimi ni ng'ombe amerudishwa."

"Nitakuja kesho. Nitaongea na yeye."

"Kuja. Lakini ukifika, usianze na yeye. Anza na mimi."

Aliweka furushi kwa kichwa, mkono mmoja chini ya tumbo. Nikataka kumwambia kitu, chochote, nikamwambia mafuta ya karai bado ni moto, mtu asiikanyage. Akaniangalia kidogo. Halafu akageuka, akashika njia ya stendi ya gari za Kegonga.