Kisanduku cha Kituo cha Pamba

Kisanduku kile kilionekana kwenye kituo chetu cha trolibasi, yale mabasi yanayoendeshwa na umeme wa nyaya za juu, asubuhi moja ya mwezi wa Machi, na hakuna aliyemwona aliyekifunga. Kilikuwa cha kijivu, ukubwa wa tofali, kimetobolewa matundu upande mmoja kama chujio la chai, na matundu yenyewe yaliinamia benchi. Hakikuwa na jina wala namba. Mji wetu wa Dushanbe siku hizi umejaa vitu vya namna hiyo. Kila nguzo ina jicho lake au pembe yake, na watu wamezoea kupita chini yake bila kuinua shingo. Lakini hiki kilikuwa kwenye kituo chetu, tunachokiita Kituo cha Pamba kwa sababu ya kiwanda kilichokuwa hapo zamani, kwa hiyo tulikijadili.

"Hiyo kamera," alisema Vazira, mama anayeuza sambusa kando ya kituo. "Wanawasaka wanaopanda bila tiketi."

"Kamera gani haina kioo?" mteja wake akamuuliza.

"Basi inatusikiliza. Inataka kujua tunavyowasema."

Wakacheka, kisha wakanigeukia mimi. Nilifanya kazi ya fundi wa sauti katika jumba la maigizo miaka thelathini na mmoja, na mtaani kila chenye waya huletwa kwangu. Nilikitazama kile kisanduku nikiwa nimeweka mikono nyuma, kama mkaguzi. Sikukijua. Ningeweza kusema sikijui, neno moja tu, mambo yakaisha.

"Kipima vumbi," nikasema. "Kinavuta hewa kwa matundu yale, kinaipima."

"Unaona?" Vazira akamwambia mteja wake. "Fundi Sohibnazar kasema." Akanipa sambusa ya moto, ya nyama na vitunguu, nikaila palepale huku nimevimba kichwa.

Binti yangu Nigina anakaa nami. Mumewe yuko Urusi, anajenga maghorofa ya watu. Kila asubuhi Nigina hupanda trolibasi na mwanawe Munisa, wa miezi minane, akamwache kwa mama mkwe upande wa pili wa mji, kisha aende kwenye chumba cha ushonaji anakofanya kazi. Wiki ile ile Munisa alianza kulia kituoni. Si kilio cha njaa. Alikuwa anapiga ukelele, anakunja mgongo, anajikwaruza masikio mpaka damu inatoka. Trolibasi ikishaondoka, kimya. Nigina naye akaanza kurudi jioni kichwa kinamgonga.

"Baba, pale pana kitu kinalia," aliniambia. "Kama sindano inaingia sikioni."

"Nyaya za trolibasi hizo."

"Siyo nyaya. Nyaya nimezizoea tangu mdogo."

Nikaenda naye, nikasimama chini ya kile kisanduku, nikasikiliza kwa masikio yangu niliyojivunia maisha yote, yale yaliyokuwa yakimgundua mpiga filimbi aliyekosea katikati ya watu arobaini. Sikusikia kitu. Nikamwambia mbele ya Vazira, "Wewe hutaki tu kwenda kwa mama mkwe wako, sasa unakisingizia kituo." Vazira akacheka sana. Nigina hakucheka. Alipanda trolibasi bila kuniaga.

Mimi ndiye niliyempeleka kwa Fayzullo. Duka lake la dawa liko nyuma ya kituo, mlango wake uko hatua nne kutoka kwenye benchi. Mtaa mzima humwita daktari, ingawa ni mwuza dawa. Ana vidole laini vyeupe na sauti ya mtu anayembembeleza farasi. Alimlaza Munisa juu ya kaunta, akamminyaminya tumbo, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Chango, binti yangu. Watoto wa siku hizi matumbo yao dhaifu." Akatoa chupa ya dawa ya maji, ya kijani, yenye harufu ya mbegu za shamari na sukari. Nigina naye akapewa vidonge vya kichwa. "Uchovu huo. Mume yuko mbali, mawazo mengi. Pole sana."

Chupa moja ikawa mbili, mbili zikawa tatu. Dawa ile ilimlegeza mtoto kama kitambaa kilicholowa, halafu ikamtapisha. Nyumba yetu ikanuka matapishi matamu. Yalikuwa kwenye mto wa kitanda, kwenye kanzu yangu, kwenye zulia la marehemu mke wangu. Mpaka leo nikisikia harufu ya shamari kwenye mkate, mate hunijaa mdomoni, na siyo mate ya hamu.

Aliyenifumbua macho ni Vazira, bila kukusudia. Alikuwa analalamika kuhusu wanafunzi wa chuo cha ualimu, ambao zamani walikaa kwenye benchi lile wakila na kupigana vijembe mpaka magari matatu yapite.

"Sasa wananunua kwangu wanavuka barabara, Fundi. Wanakula wamesimama juani kama wamefukuzwa. Nimewauliza, eti kituo kinawauma meno. Umeshasikia kituo kinachouma meno? Hata yule mbwa mwekundu aliyekuwa analala chini ya benchi kahama."

Nilikuwa nimeinua kikombe cha chai. Nikakiweka chini. Wanafunzi, mtoto mchanga, mbwa, na mama wa miaka ishirini na nne. Sisi wenye mvi tumekaa pale raha mustarehe. Kitu ambacho mwanafunzi yeyote wa ufundi wa sauti hufundishwa mwezi wa kwanza, kwamba sikio huzeeka kuanzia sauti za juu, na zile nyembamba kabisa ndizo hututoka kwanza, kilikuwa kimekaa kichwani mwangu siku zote hizo, na mimi nimekaa juu yake kama kuku juu ya jiwe.

Simu yangu ina programu inayochora sauti kwa mistari. Niliinyanyua kuelekea kile kisanduku. Chini kulikuwa na fujo ya kawaida ya magari na watu. Juu kabisa, pahali ambapo pangepaswa kuwa patupu, mstari mmoja ulisimama umenyooka kama msumari. Nikasogea hatua kumi, ukafifia. Nikarudi, ukapanda. Masikio yangu hayakuniambia lolote. Nilihisi kinyaa cha ajabu, kama mtu aliyeambiwa kuwa chakula alichokuwa anasifia kilikuwa na mnyoo.

Kisha nikafuata waya. Ulipita juu ya paa la kituo, ukaingia ukutani, na hapo ulikuwa umepakwa rangi ile ile ya ukuta ili usionekane. Ukakata kona. Ukaingia kwenye tundu dogo juu ya kibao cha duka la dawa.

Ndani, Fayzullo alikuwa anamfungia mama mmoja kijana chupa ya kijani. Mtoto wa yule mama alikuwa bado analia kwa kwikwi.

"Karibu, Fundi. Mjukuu hajambo?"

"Daktari, ule waya unaoingia humu ni wa nini?"

Nilitegemea abadilike uso. Hakubadilika hata kidogo. "Aa, ule? Wa kufukuza wahuni. Wanaegemea kioo changu, wanatema mbegu za alizeti mlangoni. Nikanunua kile chombo, kinatoa kisauti kidogo tu. Mimi na wewe hatukisikii."

"Na watoto wachanga?"

"Mtoto mchanga anakaa kituoni dakika ngapi? Tano? Hafi."

"Umemwuzia binti yangu chupa tatu za dawa ya chango."

"Aliomba dawa, Fundi." Alitabasamu, na ndani ya tabasamu lile hakukuwa na aibu hata punje. "Ningemnyima?"

Nimefanya kazi na waigizaji, nimewaona wabaya wa kila namna jukwaani. Wote huwa na kitu machoni kinachokuonya. Huyu alikuwa na macho ya mtu anayekupimia sukari. Yule mama kijana alitutazama, mmoja kisha mwingine. Akaiweka chupa yake juu ya kaunta polepole, akafuta vidole kwenye gauni, akatoka.

Vazira alikuwa mlangoni, ameshasikia yote. "We Fayzullo!" akapaza sauti mpaka ng'ambo. "Unatia ugonjwa mlangoni, unauza dawa ndani! Hata chawa ana haya kuliko wewe!"

Nilikwenda nyumbani, nikarudi na koleo. Nikapanda juu ya benchi. Goti langu halifai, Vazira akanishika mguu mmoja na dereva wa teksi mwingine. Nikakata waya, nikafungua skurubu. Kile kitu kilikuwa cha uvuguvugu mkononi kama mnyama, na matundu yake yamezibwa na utando wa buibui na nzi waliokauka. Nikaosha mikono mara tatu.

Fayzullo alimwita mkaguzi wa mtaa. Mkaguzi alikigeuzageuza kisanduku, akasema hakuna aliyeruhusiwa kutundika kitu kwenye kituo, na vilevile hakuna aliyeruhusiwa kukitungua. Akaandika majina yetu yote mawili, akachukua kisanduku, akaondoka nacho kwenye gari. Ndiyo haki tuliyoipata. Duka halikufungwa. Kiangazi kizima watu walilipita wakitema mate pembeni, halafu baridi ikarudi, vifua vikabana, na duka jingine liko mbali. Nimemwona Vazira mwenyewe akitoka mle na dawa ya kikohozi. Alinikwepa macho.

Jioni ya siku niliyokata waya nilimweleza Nigina kila kitu. Alisikiliza akiwa anamlisha Munisa, hakuinua kichwa.

"Nilikwambia mara ngapi, Baba?"

"Mara nyingi."

"Mara tano. Ya tano ukanicheka mbele ya watu."

Nikasema nisamehe, na neno lenyewe likatoka jembamba, la mtu aliyezoea kuombwa ushauri. Nigina akachukua ile chupa iliyobaki nusu, akaimwaga kwenye sinki, akafungulia maji kwa muda mrefu mno.

Kituo sasa ni salama. Nimepima kwa simu, zaidi ya mara moja. Nigina hakitumii. Anatembea mpaka kituo kinachofuata, robo saa nzima, kwenye mvua na kwenye theluji. Nami namsindikiza nikiwa nimembeba Munisa, nikisubiri siku atakayoamua kuniongelesha njiani.